Gari la Kaka Hamed

Zahran bin Said alikuwa na duka la kofia na kanzu Hurumzi, na katika umri wake wote hakuwahi kumiliki chombo zaidi ya baiskeli moja, nayo ikaibiwa. Hakuona dhiki. Duka na nyumba vilikuwa karibu, msikiti upo katikati, na mkewe Muzna akitaka kwenda kwao Jang'ombe alikwenda kwa miguu, akisalimiana na nusu ya mji njiani. Watu wa namna hii hawana haja ya gari. Lakini walikuwa na ndugu Maskati.

Ndugu huyo ni Hamed, kaka yake Zahran. Aliondoka Unguja kijana, akapata kazi huko, akaoa, akazaa, akanenepa. Mapenzi yake kwa mdogo wake hayakupungua, ila yalikuwa mapenzi ya mtu anayeamua peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2007 akapiga simu.

"Zahran, nnakuletea gari. Usiseme kitu. Ni zawadi."

"Kaka, gari la nini tena?"

"Nshakwambia usiseme kitu."

Gari lilipoteremshwa bandarini Malindi, wachukuzi waliacha mizigo wakaja kulitazama. Lilikuwa la Kimarekani, la zamani lakini limetunzwa, rangi ya chai ya maziwa, viti safu tatu, na boneti refu ambalo mtu angeweza kuanika karafuu juu yake. Pandu, Mtumbatu mwenye banda la kahawa nje ya lango la bandari, alilizunguka lote kimya kimya, kisha akasema, "Huyu ndovu." Jina likashika siku hiyo hiyo.

Shida ya kwanza ya Ndovu ilikuwa upana. Nyumba ya Zahran imo ndani ya uchochoro ambao hata punda mwenye matenga husita akafikiri. Basi gari likawekwa Malindi, kando ya banda la Pandu, na Zahran akawa mtu anayetembea mwendo mrefu kwenda kulipanda gari lake ili limpeleke pahala alipokwisha kupapita.

Shida ya pili ilikuwa usukani. Maskati wanaendesha upande wa kulia wa njia, kwa hivyo usukani wa Ndovu ulikuwa kushoto. Kwetu dereva wa gari kama hilo hukaa upande wa mtaro, akaona mtaro vizuri sana, lakini mbele ya lori lililomtangulia haoni kitu. Ikabidi Muzna akae kiti cha mbele kulia awe macho ya mumewe. "Pita," akisema, Zahran hupita. "Usipite," akisema, Zahran hurudi nyuma ya lori huku jasho likimtoka. Muzna hakuwahi kushika usukani maisha yake, lakini baada ya mwezi mmoja watu walikuwa wakisema gari la Zahran linaendeshwa na mkewe, na yeye hakuwasahihisha.

Haya yote yangevumilika lau si kiu. Ndovu lilikuwa na mashine ya silinda nane, na kila silinda na koo lake. Na mwaka ulipoingia wa 2008 bei ya petroli ikawa inapanda watu wamelala. Mtu akifika kituoni haulizi tena bei gani, anauliza "imekuwaje leo?" kama anayeulizia hali ya mgonjwa. Zahran akilitia moto gari, mshale wa geji ulitikisika kidogo ukashuka, kama mzee aliyepewa habari mbaya akatafuta pa kukaa.

Na mwenye gari kubwa mjini hana gari. Gari wanalo majirani. Harusi ya Chukwani, Zahran. Maziko ya Mwera, Zahran. Mgonjwa atoke hospitali, kabati lihame, timu ya mpira iende Makunduchi, Zahran. Naye alikuwa na ulemavu mmoja tangu utotoni: hakuweza kusema hapana. Alichoweza ni kusema "breki zake siziamini." Alisema hivyo kila siku mpaka watu wakaanza kumpa pole kwa breki, na fundi mmoja akajitolea kuja kuzitazama bure, ikabidi Zahran amkimbie sokoni.

Hatimaye Ndovu likawa linatiwa moto Ijumaa tu, dakika mbili tatu, ili betri isife, kisha linazimwa na kufutwa vumbi. Zahran alirudi kwenye miguu yake na alikuwa na raha.

Mwezi wa Mei umeme ukakatika Unguja nzima. Haukukatika kwa usiku mmoja. Ulikwenda ukawa haurudi, wiki baada ya wiki. Mwenye jenereta alitafuta petroli kwa dumu, asiye na jenereta alitafuta mshumaa, na foleni za vituoni zikazunguka majumba. Ndipo Hamed alipopiga simu.

"Nnakuja wiki ijayo. Nimewakumbuka. Na nataka nilione gari linavyokufaa."

"Linanifaa sana, kaka," Zahran akasema, na alipokata simu akamtazama Muzna.

"Usinitazame mimi," Muzna akasema. "Mimi sikusema linakufaa."

Kulikuwa na godoro jipya ambalo Muzna alikuwa akilisubiri tangu Ramadhani. Godoro hilo likaingia katika tangi la Ndovu. Zahran alipanga foleni toka asubuhi baina ya watu wenye madumu, na mshale ulipogusa juu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu gari lifike, alihisi uchungu na fahari kwa pamoja, asijue kipi kinatangulia.

Hamed alifika na masanduku ya halua ya Kiomani na mafuta mazuri ya ndevu. Alimkumbatia mdogo wake, akamsalimu shemegi yake, akala, akasifu. Kisha akakaa barazani na kuanza kuvuja jasho. Feni haizunguki, umeme hakuna. Mtu aliyekaa miaka thelathini ndani ya kiyoyozi alikuwa amesahau kwamba hewa ina uzito.

Siku ya pili baada ya chakula cha mchana akaomba ufunguo wa gari. "Nnakwenda kulitazama tu," alisema. Alirudi alasiri, uso umenawiri, akiwa na furaha. Siku ya tatu vilevile, na ya nne. Zahran alifurahi kwamba kaka yake amepata pa kupunga upepo, mpaka Pandu alipokuja dukani kwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bwana Zahran, nduguyo mzima?"

"Mzima. Kwani?"

"Maana kila siku anaingia ndani ya Ndovu, anafunga vioo, anatia moto, analala. Linanguruma toka adhuhuri mpaka adhana ya alasiri. Wateja wangu wanakunywa kahawa kwa ishara."

Zahran aliweka chini kofia aliyokuwa ameishika. "Anatia kiyoyozi?"

"Mpaka vioo vinalia machozi."

Muungwana atamwambiaje kaka yake, mgeni wake, aliyempa gari, kwamba asilale ndani ya gari? Zahran alitafuta maneno siku nzima, na aliporudi nyumbani alimkuta Hamed ameshapanga safari. Jumapili wataenda Bwejuu kwa Bi Riyama, mdogo wake marehemu mama yao, ambaye ndiye aliyewalea baada ya mama kufa. Bi Riyama alikuwa ameshaambiwa kwa simu na ameshasema atapika.

"Tutakwenda na gari letu," Hamed alisema, "tukafike kama watu."

Jumapili asubuhi Zahran alikwenda kituo cha kwanza, petroli hakuna. Cha pili, hakuna. Cha tatu ipo lakini foleni yake ilikuwa ya mpaka kesho. Mshale ulikuwa umebakiwa na robo nyembamba. Akapiga hesabu ya kichwa, kisha akaiacha hesabu akaomba dua.

Waliondoka watatu. Hamed, kwa heshima yake, alikaa mbele kulia, pahala pa Muzna, na Muzna akakaa nyuma. Walipofika Mwanakwerekwe Hamed akabonyeza kiyoyozi. Zahran akakizima.

"Kaka, upepo wa shamba una dawa. Fungua kioo."

"Dawa ya nini? Mimi siumwi." Akakiwasha.

Fuoni wakalikuta lori la mchanga. Hamed, aliyezoea njia za Maskati, alitazama mbele akasema, "Pita!"

"Usipite!" akapiga kelele Muzna kutoka nyuma, akining'inia baina ya viti.

"Pita, njia nyeupe!"

"Nyeupe kwa nani? Basi lile, shemegi!"

Zahran aliitikia wote wawili, akatoka nusu akarudi nusu, na mwenye basi akamwambia maneno ambayo kwa bahati hayakusikika, maana vioo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi.

Baada ya Tunguu kila palipokuwa na mteremko, hata ule wa kuteleza maji tu, Zahran alizima mashine akaliacha gari liende lenyewe.

"Mbona limenyamaza?" Hamed akauliza.

"Linapumua," Zahran akasema.

Hamed alimtazama mdogo wake kwa jicho la mtu anayeona huenda jua la Unguja limemzidi. Mbele ya Kikungwi taa nyekundu ya petroli ikawaka. Zahran aliiona. Muzna, aliyekuwa bado amening'inia baina ya viti, aliiona. Wakatazamana kwenye kioo. Muzna akakohoa. Zahran akaivua kofia yake akaiweka juu ya dashibodi, mbele ya taa.

Walikuwa wamo ndani ya msitu wa Jozani, pale miti inapofunga juu ya njia, Ndovu lilipokohoa lenyewe, likatikisika, likaenda hatua chache kwa hisani tu, na kusimama kando. Zahran alitoa ufunguo haraka.

"Nini?" akauliza Hamed.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Ulimi wa Zahran ulijua hivyo, lakini ukateleza. "Sijui, kaka. Labda mashine."

"Mashine?" Hamed alikereka kama aliyetukaniwa mtoto. "Mashine hii haiharibiki. Petroli ipo?"

"Nilijaza tangi wiki hii."

Na hilo halikuwa uongo. Hamed akaridhika, maana kule kwao tangi hilo likijaa lilikuwa likimpeleka mji wa Nizwa na kumrudisha. Akateremka, akakunja mikono ya kanzu yake nyeupe, akafungua boneti. Ujana wake alishika spana kwenye gereji ya rafiki yake kwa miezi michache, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu kuhusu magari.

Alianza na chujio la hewa. Akalipuliza, akaliweka pembeni. Akatoa plagi moja, akainusa, akaitoa na nyengine. Muzna alikuwa na mkeka mpya aliokuwa akimpelekea Bi Riyama. Akautandika kwenye majani, vyuma vikaanza kupangwa juu yake. Kima punju walishuka kwenye matawi, wakakaa safu, mikono mapajani, kama mashahidi walioitwa mahakamani.

"Baba Abeer," Muzna alisema polepole, kwa jina la binti yao mkubwa, "huna neno la kumwambia kaka yako?"

"Neno gani?"

"Neno lolote."

"Hili ni la kabureta," Hamed akasema kutoka chini ya boneti. "Nipe ile spana ndogo."

Zahran akampa. Kila chuma kilichotoka kilifanya kukiri kuwe kugumu zaidi: lau angesema mwanzo, angekuwa mtu aliyeishiwa petroli, sasa angekuwa mtu aliyemwacha kaka yake afungue gari zima. Muzna angeweza kusema yeye, lakini hakulelewa kumvunjia mumewe heshima mbele ya shemegi. Alikohoa tu, mpaka Hamed akamuuliza kama ana kifua.

Kabureta lilipokuwa vipande vitano juu ya mkeka, Hamed akavuta mpira wa petroli, akaukamua. Hakikutoka kitu.

"Nimelijua!" akasema kwa furaha. "Pampu imekufa, au mavi ya chuma yameziba tangi. Nnaingia chini."

Akalala chali juu ya lami, mzee wa miaka sitini na mbili, ndevu zake za mafuta mazuri zikagusa mavumbi, akaanza kujisukuma kwa visigino kuingia chini ya gari. Zahran aliiona ile kanzu nyeupe ikisuguliwa kwenye lami mpaka zikabaki nje ndara mbili tu. Na hapo moyo wake ukashindwa.

"Kaka, toka."

"Ngoja, nimeshaiona nati yake."

"Toka, kaka. Halina kitu humo. Petroli imekwisha."

"Alhamdulillahi," akasema Muzna.

Ndara zilitulia. Kima mmoja alijikuna. Kisha sauti ikatoka chini ya gari, sauti ndogo kuliko mwili wake.

"Toka lini unajua?"

"Toka Kikungwi. Taa iliwaka."

"Kumbe ile kofia…"

"Ndiyo."

Hamed alitoka polepole. Alikuwa na grisi kwenye paji la uso na jani kwenye ndevu. "Umeniacha nikalifungua lote! Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Mimi si nduguyo?"

"Ndiyo maana."

Hamed akakaa kwenye mkeka katikati ya vyuma. "Lakini umesema ulijaza. Umeniongopea na hilo?"

"Nilijaza, kaka. Umelilalia."

"Nimelilalia?"

"Kila siku baada ya chakula, shemegi," Muzna akasema, sasa kikohozi kimepona. "Adhuhuri mpaka alasiri. Malindi nzima inajua ratiba yako."

Hamed akauliza petroli Unguja inauzwaje. Zahran akamwambia.

"Kwa dumu?"

"Kwa lita."

"Laa ilaha illa Llah," Hamed akasema, akalitazama gari kama aliyegundua kwamba mtoto aliyemlea mwenyewe anavuta bangi. Akaanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, mkeka ukatikisika na vyuma vikagongana, na Zahran, aliyekuwa amejitayarisha kwa matusi, akashikwa nacho naye, mpaka wakawa wanapanguza machozi kwa mikono yenye grisi na kuzidi kujipaka.

"Na mimi nikwambie langu," Hamed akasema alipopata pumzi. "Kule watoto wangu walikuwa hawataki kulipanda. Wanasema ni gari la mazumbukuku. Mwanangu Anuar akishuka mbali na skuli ili wenzake wasimwone. Nikasema, gari kama hili haliuzwi kwa vyuma vikuukuu; lina haki ya kukaa kwa mtu atakayelithamini. Nikakufikiria wewe."

"Na wewe sasa unaendesha gari gani?"

Hamed alitazama pembeni, kwa kima. "Dogo."

"Dogo vipi?"

"Nikilipanda mimi, mke wangu anasubiri safari ya pili."

Walikuwa bado wanacheka pikapu liliposimama. Dereva wake alikuwa Sichana, mwanamke wa makamo wa Bwejuu mwenye nyumba ya wageni pwani, anarudi kutoka mjini na samaki, barafu na dumu la petroli. Alitazama wazee wawili weusi kwa grisi, mwanamke kwenye jiwe, na mashine juu ya mkeka.

"Mnauza?" aliuliza.

Petroli angeweza kuwapa, lakini haikuwa na pa kuingia tena. Nati mbili za kabureta zilikuwa zimeingia majanini, na mmoja katika wale mashahidi wa juu ya mti alishukiwa kwa ya tatu. Sichana akatoa kamba. Ndovu likafungwa nyuma ya pikapu, Zahran akashika usukani, Hamed akarudi kiti chake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kukawa hakuna la kupita wala kutopita. Walivutwa Kitogani, wakavutwa Paje, watoto wakiwafuata mbio kila kijiji, na kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kimekufa na mashine, Hamed alifungua kioo.

"Upepo mzuri," alikiri.

Bi Riyama alikuwa amesimama mlangoni tangu adhuhuri, mwembamba, mtandio kichwani, na alipoliona lile gari kubwa likiingia uani kwake limefungwa kamba shingoni, alingoja mpaka wanawe wawili walipoteremka na kuinamisha vichwa.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Niliambiwa mnakuja na gari. Naona gari limekuja nanyi." Akawatazama mikono na nyuso. "Miaka hamsini nimewaambia msicheze na uchafu kabla ya kula. Haya, kisimani. Wote wawili. Muzna mwanangu, wewe pita ndani, maskini."

Pweza wa nazi alikuwa amepoa, lakini waliosukumwa na njaa hawaulizi moto. Sichana alikaribishwa naye, na alikula akilichungulia gari kupitia dirishani. Alipomaliza alinawa, akasema moja kwa moja kama wasemavyo watu wa kusini. Wageni wake wa Kizungu wanakuja sita sita na mabegi kama majeneza; pikapu haliwafai. Gari lile litawatosha wote, na petroli kwa wageni hulipa wenyewe, tena hawaulizi. Fundi anaye. Je, wenyewe wangekuwa tayari…

"Lichukue," alisema Zahran.

Hakungoja amalize. Kisha akashtuka, akamgeukia kaka yake. Hamed alikuwa anachokonoa pweza kwenye meno, utulivu mtupu.

"Mbona unanitazama mimi? Lako. Nshakwambia ni zawadi."

Kwa pesa alizolipwa na Sichana, Zahran alitengeneza dari la nyumba, ambalo lilikuwa likivuja tangu zama za baba yao, na Muzna akapata godoro lake, tena la pamba. Ndovu lilipakwa rangi ya buluu na likawa linaonekana njia ya uwanja wa ndege limejaa nyuso nyekundu zenye furaha, kiyoyozi kikivuma.

Siku zilizobakia Hamed alikwenda kwa miguu. Siku ya mwanzo alilalamika magoti, ya pili akalalamika viatu, kisha akasahau kulalamika kwa sababu hakuwa na nafasi: kila kona kulikuwa na mtu aliyemjua baba yake, au aliyepigana naye utotoni chuo cha Kurani, au aliyetaka kujua kama kule Maskati kuna muhogo.

Siku ya kuondoka aliandamana na Zahran kwenda bandarini kupanda boti ya Dar es Salaam, mabegi yametangulia na mchukuzi. Walitoka na muda wa kutosha. Lakini Kiponda wakakutana na Mwalim, aliyesoma darasa moja na Hamed, naye akaanza kueleza nani kafa, nani kaoa tena, na ilivyokuwa mpaka wale ndugu wa Mkunazini wakagawana nyumba kwa ukuta uliopita katikati ya choo.

Boti ikapiga honi. Zahran akamvuta kaka yake mkono wa kanzu.

"Mwache amalize," Hamed akasema. "Eh, Mwalim. Sasa mlango wa choo ulibaki kwa nani?"

Muzna alipowasikia wote wawili wakipanda ngazi za nyumba, na nyuma yao mchukuzi akitweta na mabegi, alikwenda kuongeza mchele.